Somo: Kumwandaa panya wa kufugwa kwa kazi ya filamu na matangazo

Mwongozaji akikuita na panya wako, ni nadra akuulize kama anajua kutia mpira kwenye kikapu. Atakuuliza hivi: anaweza kutokea nyuma ya kile chungu, akapita mbele ya kikombe, akasimama hapa, na akarudia hivyo hivyo mpaka tupate picha tunayoitaka? Wengi huanza na madoido ya kuwafurahisha wageni, na panya anayajua kweli, lakini siku ya kazi anajibanza kwenye kona ya seti, yaani mahali pa kupigia picha, na hatoki. Kwa hiyo somo hili lina vitendo vichache: kwenda kwenye alama, kutulia juu yake, na kubeba kitu. Panya anayefanya hayo matatu mahali popote atapata kazi kuliko anayejua mbinu ishirini akiwa mezani kwako tu.

Kabla ya kuanza: panya yupi?

Ninamzungumzia panya wa kufugwa, wa jamii ya Rattus norvegicus, aliyezaliwa mikononi mwa watu kwa vizazi vingi. Panya wa porini au wa darini usimguse. Anaweza kukuambukiza magonjwa, na hofu yake kwa binadamu haitaisha kwa ndizi.

Chukua wawili au watatu wa rangi moja, ikiwezekana wa uzao mmoja. Majike ni wepesi, wadadisi, hawatulii. Ndio wa kukimbia na kupanda kamba. Madume wakikomaa huwa wazito na wapole, nao wanafaa kwa picha ya karibu ambapo panya anatakiwa akae. Weupe wenye macho mekundu wanaumizwa na mwanga mkali, na wanaona vibaya hata kuliko wenzao, ambao nao hawaoni vizuri. Kama kazi ni ya chini ya taa, mimi humchagua mwenye macho meusi bila kusita.

Anza akiwa na wiki sita hadi nane. Panya huishi miaka miwili au mitatu tu, na mwaka wa mwisho si wa kazi.

Hatua ya 1: Akuamini

Wiki za mwanzo usifundishe chochote. Mzoeshe mkono wako, sauti yako, na mfuko wa nguo anaoweza kujificha ndani yake. Mbebe kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio. Mkia usiushike kamwe kumnyanyulia: ngozi yake inaweza kuchunika ikabaki mkononi mwako.

Jifunze kumsoma. Panya aliyeridhika husaga meno polepole, na ukimtazama kwa karibu utaona macho yanatokeza na kurudi ndani kwa mtetemo wa haraka. Wageni hushtuka wakiliona hilo, kumbe ni raha tupu. Aliyekazwa na hofu au ugonjwa hutokwa na majimaji mekundu kuzunguka macho na pua. Si damu, lakini ukiyaona siku hiyo hakuna mazoezi, na yakiendelea mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Cheza naye pia. Mtafiti Jaak Panksepp alionyesha kwamba panya wakitekenywa hutoa sauti nyembamba za kama kilohezi 50, juu kabisa ya uwezo wa sikio letu, na huufuata mkono uliowatekenya. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Humboldt mjini Berlin waliwafundisha panya kucheza kibemasa na binadamu, na malipo hayakuwa chakula bali kutekenywa na kuchezewa. Nawaomba mlichukue jambo hili kwa uzito. Panya anayekuona wewe kama sehemu ya zawadi atafanya kazi hata shibe ikimjia.

Hatua ya 2: Kliki na zawadi

Tafuta kifaa kidogo kinachotoa mlio mkavu wa "klik". Kama ni kikali, kifunge kwa kitambaa. Masikio ya panya ni makali mno. Bonyeza, mpe chakula. Bonyeza, mpe. Baada ya vikao vichache ataugeukia mkono wako kila asikiapo mlio, na hapo umepata lugha: kliki maana yake "hicho ulichofanya sasa hivi ndicho".

Zawadi iwe ndogo kama punje ya mchele: yai lililochemshwa, ndizi, njegere iliyokatwa. Siagi ya karanga nzito inaweza kumkaba, naye panya hawezi kutapika, kwa hiyo ilainishe kwa maji na uipake nyembamba kwenye kijiko. Kikao kiwe cha dakika tano hadi kumi, jioni, wakati mwenyewe ameamka na ana hamu.

Anayedhani hii ni michezo ya watoto akumbuke panya buku wa shirika la APOPO, waliofundishwa Morogoro kwa njia hii hii ya kliki na chakula hadi kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Panya buku ni jamii nyingine, mkubwa zaidi, lakini namna ya kumfundisha ni moja.

Hatua ya 3: Kwenda kwenye alama

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko penginepo.

Weka mezani kipande cha kitambaa cha mkwaruzo, ukubwa wa kiganja. Akikitazama, kliki. Akikisogelea, kliki. Akiweka mguu mmoja, kliki, na chakula kiwekwe juu ya kitambaa chenyewe. Baadaye usilipie mguu mmoja, subiri miwili. Kisha yote minne. Ukiona amesimama tu anakutazama, umepandisha kiwango haraka. Shusha kidogo, mlipe, ndipo upande tena.

Akishaelewa, punguza kitambaa kidogo kidogo mpaka kiwe kama sarafu, na kiwe cha rangi ya sakafu. Kamera haitakiona. Panya atakijua kwa nyayo na masharubu, ambavyo anavitegemea kuliko macho.

Sasa ongeza mlio. Kengele ndogo ya betri iweke pale alama ilipo. Mwachie panya kutoka kwenye boksi upande wa pili, piga kengele, akifika zima na umlipe. Kengele itamwambia pa kwenda hata pale asipoweza kukuona umejificha nyuma ya samani. Mzoeshe kengele inayozimwa mara tu anapoanza kutembea, ili mtu wa sauti asije akakulalamikia.

Kumbuka panya hupenda kutembea kando ya ukuta. Uwanja wazi unamtisha. Kama picha inataka akatize katikati ya meza, mtengenezee ukuta mfupi wa ubao, kisha uupunguze kimo siku hadi siku mpaka ubaki mstari, na mwishowe hata mstari usiwepo.

Hatua ya 4: Kutulia

Akiwa kwenye alama, chelewesha kliki: sekunde moja, mbili, rudi moja, tatu. Usipande kwa mfululizo, changanya, asijue lini inakuja. Sekunde tano za panya aliyetulia ni nyingi sana kwenye tangazo.

Zawadi mpe palepale kwenye alama, usimrushie pembeni, la sivyo atajifunza kugeuza kichwa na picha itaharibika. Anakoelekea macho kunategemea wewe umekaa wapi, kwa hiyo muulize mpiga picha mapema anataka pua ielekee upande gani. Akitaka panya aonekane "anaongea", paka siagi nyembamba mahali pasipoonekana. Mdomo utacheza wenyewe.

Hatua ya 5: Kubeba

Asili inakusaidia: panya hukusanya na kupeleka kiotani. Fundisha kuanzia mwisho. Kwanza alipwe akiachia kitu juu ya bakuli, halafu akikibeba hatua moja kuelekea bakuli, halafu kutoka mbali. Kitu kiwe chepesi, kisicho na rangi inayobanduka wala ncha kali, maana atakitafuna tu.

Hatua ya 6: Kuhama

Kitendo alichokijua mezani hajakijua bado. Mpeleke chumba kingine, weka taa, weka mguu wa kamera, waite watu wawili wakae kimya, siku nyingine waongee. Kila unapobadilisha mahali, punguza unachomdai: siku ya kwanza kwenye chumba kipya mlipe kwa kula tu. Panya huogopa kitu kipya kwa maumbile yake, na hofu hiyo haiishi kwa kumsukuma. Kizimba cha safari kiwe chake siku zote, chenye kitambaa chenye harufu yake, ili popote mnapofika nyumba yake iwe imefika pia.

Hatua ya 7: Siku ya kazi

Panya hatoi jasho wala hahemi kama mbwa. Joto analitolea mkiani zaidi, na likivuka nyuzi 30 ni hatari kwake. Taa zipangwe kwa kutumia panya wa kuchezea, wa rangi na ukubwa uleule. Wako aletwe kila kitu kikiwa tayari. Mashine ya moshi isiwashwe, kwa kuwa mapafu ni sehemu dhaifu ya panya. Waombe waliopo wasisogee, na wewe peke yako umpe ishara. Kati ya panya mmoja na mwingine futa meza, maana anayefuata atasimama kunusa mkojo wa aliyetangulia badala ya kwenda kwenye alama.

Maswali

Mwalimu, wangu anafanya kila kitu vizuri usiku chumbani, lakini nikimpeleka sebuleni anaganda kabisa. Nimlazimishe kidogo?

Hapana. Kuganda ni hofu, si ukaidi. Weka kizimba sebuleni, mlango wazi, na umwache atoke mwenyewe. Kwa siku kadhaa mlipe kwa kutoka tu. Kisha rudia alama ukianza na kitambaa kikubwa kama vile hajawahi kukiona. Atapita hatua zote kwa kasi kuliko mwanzo.

Shikamoo mwalimu. Nina panya mmoja tu na tunapendana sana. Hatoshi?

Marahaba. Kwa kazi hatoshi, na kwa maisha yake pia hatoshi. Panya ni mnyama wa jamii. Akiwa peke yake hunyong'onyea hata ukimpenda namna gani. Mtafutie mwenzake wa jinsia moja naye, na uwakutanishe polepole mahali ambapo si pa yeyote. Kwenye seti utafurahi: mmoja akichoka unamweka mwingine wa rangi ileile, na mtazamaji hatajua. Mfundishe kila mmoja kile anachokipenda, mmoja mkimbiaji, mwingine mkaaji.

Nimesikia wanaofundisha wanyama huwalaza njaa ili wafanye kazi. Ni kweli ni lazima?

Si lazima, na nyumbani usifanye. Mlo mkuu mpe baada ya kikao badala ya kabla, inatosha. Vitamu avipate kwenye mazoezi tu. Kama hataki kazi akiwa ameshiba kidogo, basi zawadi yako haina thamani kwake, au kikao ni kirefu, au anaogopa kitu. Tafuta ni lipi. Panya mwenye njaa kali ana papara, hukimbilia mkono wako na kuiacha alama, kwa hiyo hata kwa faida ya picha njaa haikusaidii. Maji yasikosekane kamwe.

Kuzunguka na kusimama kwa miguu miwili je?

Shikilia zawadi mbele ya pua, mzungushe nayo duara; ipandishe juu kwa kusimama. Kliki akimaliza, kisha akishazoea fanya ishara ileile kwa mkono mtupu. Ni rahisi, ndiyo maana sikuvipa hatua.

Dume langu linaacha matone ya mkojo kila linapopita. Tutafanyaje kwenye meza ya chakula ya tangazo?

Ni kawaida ya panya, madume zaidi, na huwezi kuiondoa kabisa. Tumia jike kwa kazi ya mezani. Mwambie mwenye kazi mapema kwamba chakula alichopita panya hakiliwi na mtu, na vyombo vya picha yake viwe vya pembeni.

Atachoka baada ya kurudia mara ngapi?

Usingoje achoke. Dalili ya kwanza ni kuchelewa kutoka kwenye boksi. Ya pili ni kuchukua chakula na kukiacha, au kuanza kujisafisha manyoya katikati ya njia. Ukiona moja, mbadilishe. Kubaliana na mwongozaji kabla ya kuanza kwamba neno la kusimamisha ni lako, na liandikwe kwenye makubaliano. Huko Marekani shirika la American Humane limekuwa likisimamia wanyama kwenye seti tangu 1940, lakini hata msimamizi akiwepo, anayemjua panya huyo ni wewe.

Nimepewa kazi ambayo panya na paka wanaonekana kwenye picha moja. Paka ni mpole sana, wamesema. Nikubali?

Kubali kazi, ukatae kuwakutanisha. Harufu ya paka peke yake inatosha kumfanya panya agande siku nzima, hata kama hajawahi kumwona paka maishani mwake. Waombe kamera isisogezwe, wampige picha kila mnyama kwa wakati wake, kisha waunganishwe kwenye uhariri. Panya apigwe kwanza, juu ya meza ambayo paka hajaikanyaga, na aondoke jengoni kabla paka hajaingia.