Jinsi ya kuandika ala za nyuzi zinazoaminika katika hadithi za kifantasia

Hadithi nyingi za kifantasia zina mpiga kinubi, na karibu wote hufanya jambo lile lile. Anaingia ukumbini, anapangusa vumbi, anapitisha vidole kwenye nyuzi, na watu wananyamaza. Msomaji aliyewahi kukaa karibu na mpiga adungu, kinubi cha Waaluri, huko Nebbi au Pakwach kaskazini-magharibi mwa Uganda anaacha kuamini hapo hapo, maana hakuna uzi uliojaribiwa wala kigingi kilichozungushwa. Ala ya nyuzi ni mvutano uliofungwa ndani ya mti na ngozi. Ukishajua mvutano huo unabebwa na nini katika ala uliyoichagua, mengine utayaandika sawasawa hata kama hujui kupiga wimbo mmoja.

Kwanza chagua ala moja na uijue kiungo kwa kiungo. Neno "kinubi" peke yake halitoshi. Adungu ya Waaluri na ennanga ya Waganda zina shingo iliyopinda, na kila uzi una kigingi chake juu ya shingo. Upande wa chini nyuzi zimefungwa kwenye ubao mwembamba uliopita chini ya ngozi. Endongo ya Waganda haina vigingi kabisa. Ina mikono miwili na mti uliokingama juu yake, na kila uzi umezungushwa kwenye mti huo pamoja na vipande vya kitambaa au vya mgomba. Mpigaji huushika mzingo huo na kuusokota mpaka sauti ikae. Ngozi yake ni ya kenge. Enanga ya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda (si ile ennanga ya Waganda), ndugu ya inanga ya Rwanda na Burundi, ni ubao uliochimbwa kama chano kirefu, na mara nyingi nyuzi zake zote ni uzi mmoja mrefu unaokwenda na kurudi katika pengo za pande mbili. Endingidi ina uzi mmoja tu na hupigwa kwa upinde. Kidole hugusa uzi pembeni bila kuukandamiza kwenye mti, na upinde usiopakwa ulimbo huteleza bila sauti.

Tofauti hizi ndizo zinazokupa vitenzi. Ukiandika "akakaza kigingi" kwa mpiga endongo, umeshakosea. Uzi wa enanga ukikatika, shida haiishii kwenye sauti moja, kwa kuwa majirani zake nao hulegea. Kwa mwandishi huo ni utajiri, na ni bora uutumie kuliko kubuni ala yenye nyuzi mia ambayo hata wewe huwezi kuichora. Kama uko Kampala, nenda Makumbusho ya Uganda pale Kamwokya ukatazame ala zenyewe, hasa mafundo yake.

Sasa sheria za uzi. Ziko tatu na hazibadiliki hata katika nchi yenye majoka. Uzi mfupi hulia juu zaidi: wa sentimita 60 ukiukata nusu, ukabaki 30 kwa mvutano ule ule, unapata oktava juu, yaani sauti ile ile ikirudi juu zaidi. Uzi mzito hulia chini. Uzi uliokazwa hulia juu, lakini hapa ndipo waandishi wanapoteleza, kwa sababu kupanda oktava moja kwa kukaza tu kunahitaji mvutano mara nne. Uzi unaovutwa kwa nguvu ya kilo 4 utahitaji 16, na utakatika kabla hujafika. Wala kuufanya mwembamba au mnene hakuuokoi. Kwa urefu ule ule na kitu kile kile, uzi mwembamba na mnene hukatikia karibu sauti ile ile. Anayetaka sauti ya juu hufupisha uzi, na ndiyo maana kinubi cha upinde kina nyuzi zinazopungua urefu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwenye endongo, ambako urefu wa nyuzi unakaribiana, tofauti hutafutwa kwa unene na mvutano.

Kulinganisha nyuzi ni kazi yenye mpangilio, na inafaa kuiandika angalau mara moja kikamilifu katika riwaya yako. Chukua ennanga yenye nyuzi 8. Sauti zake ni 5 tu, kwa hiyo uzi wa 1 na wa 6, wa 2 na wa 7, wa 3 na wa 8 ni jozi za oktava. Mpigaji huanza na sauti ya kooni mwake, au ya yule atakayeimba, na kuweka uzi mmoja hapo. Kutoka huo huenda hatua kwa hatua mpaka sauti tano zimetimia, kisha hufunga jozi. Jozi inapokaribia kukubaliana, husikika mtikisiko, kama sauti inapumua. Mtikisiko hupungua kasi kadiri anavyokaribia, kisha hupotea. Uzi ukizidi juu, huulegeza mpaka chini ya sauti anayotaka na kupanda tena, maana uzi ulioteremshwa tu huacha ulegevu kwenye kigingi na utashuka wimbo ukiwa katikati.

Halafu linakuja jambo ambalo karibu hakuna mwandishi analiandika. Akimaliza uzi wa nane na kurudi wa kwanza, anaukuta umeshuka. Nyuzi saba zilizokazwa baada yake zimeivuta shingo na kuididimiza ngozi. Ndiyo maana kuna mzunguko wa pili, na wa tatu ulio mwepesi. Mwisho kabisa husogezwa vile vipete vya shingoni, kimoja kwa kila uzi, vilivyotengenezwa kwa nyuzi za mgomba na ngozi ya kenge. Kipete kikiugusa uzi kidogo, ennanga hutoa ule mvumo wake. Kikisogea mno, uzi unazibwa. Kikikaa mbali, ala inalia kavu. Mvumo huo ni sehemu ya sauti inayotakiwa. Mhusika mgeni anaweza kudhani ala imeharibika, na hapo una mazungumzo mazuri mkononi.

Tuseme umeandika hivi:

"Akaurudia uzi wa kwanza. Umeshuka. Hakushangaa, akauvuta tena, polepole, sikio likiwa karibu na shingo ya kinubi, huku mfalme akigonga kidole kwenye kiti. Wa sita ukaitika, lakini kwa mtikisiko. Kidogo tena. Mtikisiko ukatoweka, na kidole cha mfalme nacho kikatulia."

Hakuna maelezo ya kitaalamu hapo, lakini kila tendo lina sababu, na muda unaopotea unajenga hofu. Ala iliyokuwa karibu sawa huchukua dakika chache. Nyuzi mpya za utumbo huendelea kunyooka kwa siku kadhaa, kwa hiyo anayefunga nyuzi mpya asubuhi ya sherehe yuko taabani.

Amua pia sauti ya kwanza inatoka wapi. Uma wa kulinganishia, chuma chenye meno mawili kinachotoa sauti moja isiyobadilika, ulibuniwa na John Shore huko London mwaka 1711, na kipimo cha hezi 440, yaani mitikisiko 440 kwa sekunde, kilikubaliwa kimataifa mwaka 1939. Katika ulimwengu usio na vitu hivyo, sauti hutoka kwa mwimbaji, kwa filimbi, au kwa ala isiyohama. Lubiri ya Mengo, ikulu ya Kabaka wa Buganda, ilipovamiwa Mei 1966, wapigaji wake walitawanyika. Fikiria ufalme wako ambako sauti ya asili inaishi katika marimba moja ya ikulu, na ikulu imechomwa moto. Nani bado anaikumbuka?

Usidhani do-re-mi iko kila mahali. Katika ulinganishaji wa kale wa Kiganda, oktava hugawanywa katika hatua tano zinazokaribiana ukubwa. Wataalamu hupima umbali kati ya sauti kwa senti. Oktava ina senti 1,200, hivyo kila hatua ni karibu 240, wakati hatua nzima ya piano ni 200. Adungu nyingi za makanisani na shuleni siku hizi huwekwa kwa do-re-mi. Wapigaji wa mapokeo haya mawili hawawezi kupiga pamoja mpaka mmoja akubali kubadilisha nyuzi zake, na hilo kwa falme mbili zinazotafuta amani si jambo dogo. Elimu hii pia ni ya kale na inaweza kuandikwa: kibao cha udongo kutoka Uru, mji wa kale katika Iraki ya leo, cha karibu miaka 3,800 iliyopita, kinaeleza uzi upi ukazwe au ulegezwe pale sauti mbili zisipokuwa safi.

Hali ya hewa usiisahau. Ngozi ikipata unyevu hulegea, nyuzi hushuka na sauti hufifia. Ikiota moto hukaza, nyuzi hupanda. Mpigaji aliyetoka mvuani hupasha ngozi motoni kwanza, ndipo alinganishe, na asikae karibu na moto huo huo akipiga. Kinubi kilichokaa pangoni miaka mingi kitakuwa na ngozi iliyopasuka, vigingi vilivyosinyaa visivyoshika, na nyuzi za utumbo zilizoliwa na panya. Shujaa atahitaji mbuzi, kisu na siku kadhaa.

Kuhusu nyuzi za kichawi, heshimu kitu chenyewe. Dhahabu ni nzito na laini, kwa hiyo inafaa sauti za chini na hukatika mapema ukiipandisha. Hariri ni imara. Guqin ya China ilifungwa nyuzi za hariri kwa karne nyingi. Unywele mmoja wa malaika ni dhaifu, lakini masinko ya Ethiopia hutumia fungu la singa za farasi, basi mpe mhusika wako fungu. Uchawi ukivunja sheria, uvunje moja tu, na mpigaji awe wa kwanza kuigundua.

Na uzi ukikatika mbele ya watu, kumbuka shingo iliyokuwa imeinama hurudi kidogo, na nyuzi zilizobaki hupanda. Mpigaji hodari huhamishia sauti iliyopotea kwenye jozi yake ya oktava, kama uzi huo ulikuwa na jozi. Kwenye ennanga, wa 4 na wa 5 hazina.