Kutembea alfajiri Shela siku ya kuzaliwa ya mwenzio

Kama siku ya kuzaliwa ya mkeo au mumeo inaangukia Julai au Agosti, usihangaike na keki. Mwamshe baada ya sala ya alfajiri, mtoke Amu mjini (mji wa Lamu) kwa miguu hadi kijiji cha Shela, kisha mfuate ufuo. Msimu huo upepo wa kusi unavuma, asubuhi ni baridi, na rasharasha za bahari hutanda mbele yenu kama ukungu. Mwaka jana mke wangu alijitanda leso yake mbili, matone ya maji yamemganda kwenye nyusi, akawa anacheka tu.

Ila angalieni mwezi kwanza. Ukiwa mwandamo au mpevu, ni bamvua, yaani maji makubwa: hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 12 bado yako juu, njia ya ufukweni inalowa. Siku hizo ondokeni saa 2 au 3, maji yakishuka. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hata yakijaa hayapandi sana, basi tokeni mapema mtakavyo.

Bebeni mahamri, mbaazi za nazi na chai ya tangawizi kwenye chupa. Vueni viatu; mchanga uliolowa ni mgumu, unatembeka vizuri. Vile vilima vya mchanga msivipande wala kuacha taka: mvua inayozama humo ndiyo maji ya visima vyetu.

Zawadi mpe mkishaketi, kabla chai haijapoa.