Mshtakiwa amekutwa na mali iliyoibwa karibuni: namna ya kujenga ushahidi

Kesi nyingi za wizi hazina shahidi aliyemwona mwizi. Kilichopo ni mali yenyewe, imekutwa kwa mtu muda mfupi baada ya kupotea. Kanuni ya kukutwa na mali iliyoibwa karibuni inairuhusu mahakama, bila kuilazimisha, kuhitimisha kwamba mtu huyo ndiye aliyeiba, au aliipokea akijua ni ya wizi, iwapo hana maelezo yenye mantiki. Inatumika katika nchi zilizorithi mfumo wa sheria wa Kiingereza. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 iliiweka wazi kwenye mfano (a) wa kifungu cha 114.

Upande wa mashtaka unapaswa kuthibitisha kwamba mali ilikutwa kwa mshtakiwa, kwamba ni ya mlalamikaji, kwamba iliibwa kutoka kwake, na kwamba iliibwa karibuni. Likikosekana moja, kanuni haitumiki. Hakikisha pia kitu hichohicho kimetajwa kwenye hati ya mashtaka.

Kazi kubwa iko kwenye utambuzi, na huanza siku ya kwanza. Mlalamikaji aeleze alama za mali yake kwenye maelezo ya polisi kabla hajaonyeshwa chochote. Akisema tu "simu nyeusi", hajatambua kitu, kwa kuwa simu nyeusi ni nyingi. Chukua namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, kutoka kwenye boksi au risiti, kisha bonyeza *#06# kwenye simu iliyokamatwa ulinganishe. Kwa gari, soma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi, usitegemee kibao cha namba, maana hicho hubadilishwa kwa dakika chache. Kitu kisicho na namba kinahitaji alama ya pekee: mkwaruzo, kiraka, sehemu iliyochomelewa. Nafaka na fedha taslimu ni ngumu mno kutambulika. Usiitegemee kanuni hii peke yake hapo.

Kukutwa na mali maana yake mtu alijua ipo na alikuwa na mamlaka juu yake. Chumba kinacholaliwa na watu watatu hakitoshi mpaka uonyeshe begi au sanduku lilikuwa la nani. Jaza hati ya ukamataji mali palepale, uandike namba na alama zote, asaini mshtakiwa, askari na shahidi huru. Baada ya hapo andika kila mkono uliopokea kielelezo, yaani mali hiyo iliyokamatwa, hadi mahakamani. Hati ikisema "redio moja" na mahakamani ikaletwa redio yenye namba ambayo haikuandikwa popote, wakili wa utetezi ana haki ya kuuliza kama ndiyo hiyohiyo.

Neno "karibuni" halina idadi ya siku. Linapimwa kwa aina ya mali: simu hubadili mikono haraka, hivyo wiki chache zinaweza kuwa nyingi, mtambo mkubwa usio na wanunuzi wengi unaweza kuhesabika bado ni wa karibuni hata baada ya miezi.

Mshtakiwa hana jukumu la kuthibitisha kwamba hana hatia. Maelezo yake yakiweza kuwa kweli, hata kama hakimu hajayaamini kikamilifu, lazima aachiwe. Kwa hiyo akisema aliuziwa na fulani, mfuate huyo fulani, muulize, andika jibu. Mpelelezi anayepuuza maelezo hayo humwachia mshtakiwa shaka ya kutosha, na si haki kumfunga mtu kwa jambo ambalo lingeweza kuulizwa kwa siku moja. Upande wa utetezi nao utoe maelezo mapema. Yakizuka kwa mara ya kwanza kizimbani hupoteza uzito.

Ushahidi ukionyesha kupokea kuliko kuiba, weka shtaka mbadala la kupokea mali ya wizi tangu mwanzo.