Namba iliyojitenga kwenye daftari la maziwa: nenda bandani kabla hujaifuta

Wafugaji wengi siku hizi wanaandika maziwa ya kila siku, na hilo ni jambo la kushukuru. Tatizo linakuja mwisho wa mwezi: namba zinajumlishwa, zinagawanywa kwa siku, wastani umepatikana, daftari linafungwa. Namba zenyewe hakuna aliyezitazama.

Chukua mfano wa ng'ombe mmoja kwa siku 14, lita za asubuhi na jioni zikiwa pamoja:

11, 12, 11.5, 12, 10.5, 11, 12.5, 11.5, 12, 11, 7, 11.5, 12, 115

Wastani hapo ni lita 18.6, wakati siku yake nzuri kuliko zote ng'ombe huyu alitoa 12.5. Ukinunua pumba au ukiomba mkopo kwa kutegemea 18.6, utaumia. Tena ubaya wa 115 hauishii hapo. Inaukuza wastani mpaka kila siku ya kawaida inaonekana pungufu, na ile 7, ambayo ndiyo ingekushtua, inapotea katikati ya wenzake.

Kwa hiyo usianze na wastani. Zipange namba kuanzia ndogo hadi kubwa. Ya katikati hapa ni 11.5, na kosa moja la kalamu haliwezi kuisogeza mbali. Kisha gawa orodha nusu kwa nusu: katikati ya nusu ya chini ni 11, katikati ya nusu ya juu ni 12. Tofauti yake ni 1. Izidishe kwa 1.5. Toa jibu hilo kwenye 11, lijumlishe kwenye 12, utapata mipaka miwili: 9.5 na 13.5. Kilicho nje ya mipaka hiyo kizungushie duara. Kipimo hiki alikieneza mtakwimu wa Marekani, John Tukey, miaka ya 1970, na kalamu na karatasi vinatosha kukifanya.

Duara maana yake ni "kaulize". Halimaanishi "futa". Hapa ndipo ninapowasihi wafugaji, maana mkono huwa mwepesi kufuta.

Kwa 115, muulize aliyeandika. Bila shaka nukta ilisahaulika. Akithibitisha, ipige mstari mmoja ili bado isomeke, andika 11.5 pembeni, na wastani utashuka hadi 11.2. Kama hakuna anayekumbuka, iache nje ya hesabu, usibuni namba. Vivyo hivyo, siku ambayo maziwa hayakupimwa acha nafasi wazi. Ukiandika 0 umesema ng'ombe hakutoa hata tone.

Ile 7 inahitaji kazi zaidi. Je, ndama alinyonya? Ndoo ilimwagika? Maji yalikosekana? Angalia ng'ombe wengine siku hiyohiyo: wakiwa wameshuka wote, huenda sababu ni maji au malisho. Akiwa ameshuka peke yake, shika kiwele chake. Kamulia michirizi ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi. Ukiona madonge au majimaji, au upande mmoja umevimba na una joto, huo ni ugonjwa wa kiwele. Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Linganisha siku zilizo karibu tu. Maziwa hupanda wiki za mwanzo baada ya kuzaa, kisha hushuka taratibu, hivyo lita 7 za ng'ombe anayekaribia kukaushwa, yaani kuachwa kukamuliwa kabla hajazaa tena, si ajabu hata kidogo. Daftari linalosema 12, 12, 12, 12 mwezi mzima nalo nalitilia shaka, ingawa halina namba hata moja iliyojitenga. Hilo limejazwa kwa kukisia.

Sasa turudi kwa ng'ombe wetu. Siku ya 11 alitoa 7, siku ya 12 akarudi 11.5, kisha 12. Ugonjwa wa kiwele kwa kawaida hauondoki usiku mmoja. Kama hakuna kilichomwagika na ndama hakunyonya, huenda alikuwa kwenye joto, yaani anahitaji dume, maana baadhi ya ng'ombe hupunguza maziwa siku hiyo. Hesabu siku 21 kuanzia hapo, na kuanzia siku ya 18 ya hesabu hiyo mchunguze asubuhi na jioni: anapanda wenzake, anasimama akipandwa, ana ute mwembamba unaovutika. Namba ya simu ya mhimilishaji, yule anayepandikiza mbegu kwa mrija, iwe karibu.