Kabla ya Kwenda Kula Bistro Ndogo Paris: Mambo ya Kuzingatia

Buku meza mapema. Bistro, yaani mgahawa mdogo wa Kifaransa, yenye meza kumi haina pa kukubana. Nyingi hufunga Jumapili na Jumatatu, na mwezi wa Agosti baadhi hufunga wiki kadhaa. Chakula cha usiku huanza saa moja au moja na nusu. Ukifika saa kumi na mbili utasimama nje.

Kinacholiza watu ni kadi. Bistro za hadhi mara nyingi hushikilia namba ya kadi yako unapobuku. Siku ya kubuku hawakati kitu. Wanakata usipotokea, na hesabu yao ni kwa kichwa: mmebuku wanne, wawili wakaingia mitini, hao wawili wanaweza kutozwa hata kama waliofika wamekula na kulipa. Soma masharti: ni kiasi gani kwa kila mtu, na mwisho wa kughairi ni lini, mara nyingi saa 24 au 48 kabla. Hizo ni saa za Paris, iliyo nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja kiangazi, mbili majira ya baridi. Halafu benki nyingi hutuma namba ya uthibitisho kwa SMS kwenye laini ya nyumbani. Kama umeshaichomoa ukaweka ya Ufaransa, ujumbe hauji, muda unaisha, meza anapewa mwingine. Buku ukiwa bado nyumbani, na kwanza hakikisha benki imeifungua kadi kwa malipo ya mtandaoni nje ya nchi.

Huli nguruwe, hutumii pombe? Andika palepale unapobuku. Lardons, vipande vya nguruwe, hujificha kwenye saladi na dengu; bœuf bourguignon, mchuzi wa nyama ya ng'ombe, hupikwa kwa mvinyo tangu mapema, na hakuna mpishi atakayeutoa saa mbili usiku. Tartare ya ng'ombe ni nyama mbichi. Ukitaka iliyoiva sema bien cuit, maana à point bado ina wekundu katikati.

Maji: omba carafe d'eau, jagi la maji ya bomba, ni bure kisheria. Mkate hulipii. Apéritif, kinywaji cha kabla ya chakula, utakayoulizwa kwa tabasamu ina bei yake. Huduma imo ndani ya bei, bakshishi ni hiari. Bili haiji mpaka uiombe.

Sema bonsoir, habari za jioni, unapoingia. Sauti chini, jirani yuko kiwiko kwa kiwiko. Mkoba usiuning'inize nyuma ya kiti, simu usiiache mezani karibu na mlango, na ujue metro ya mwisho ni saa ngapi.