Umenunua ruta ya waifai kwa mara ya kwanza? Anza hivi

Naongelea ruta ya laini, ile unayoweka laini ya simu ndani yake na nyumba nzima inapata waifai bila kumsubiri fundi wa kuvuta waya. Hizi ndo nyingi mitaani kwetu Dar sasa hivi, na wengi wetu tunaichomeka tu, taa zikiwaka tunaona kazi imeisha, kumbe bado kabisa. Tenga kama saa moja leo uipange vizuri, itakuepusha na kulia na mtandao kila siku.

Kabla hujachomeka chochote igeuze chini. Kuna stika yenye jina la waifai, paswedi yake, na anwani ya kuingilia kwenye setingi, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ipige picha na simu sasa hivi, maana ikishapanda juu ya kabati zile herufi ndogo hutazisoma tena.

Laini ijaribu kwanza kwenye simu. Hakikisha imesajiliwa kwa alama za vidole, bando limeingia, na ukurasa wowote unafunguka, na kama inadai PIN kila ukiwasha simu, iondoe hiyo PIN kabisa hapo hapo. Ukifanya hivi, ruta ikigoma baadaye unajua laini haina kosa. Halafu iweke ruta ikiwa imezimwa, fuata mchoro uliopo pale kwenye tundu, sukuma mpaka usikie imekaa. Kama laini yako ni ile ndogo kabisa na tundu ni kubwa tumia kile kifremu cha plastiki, usiitumbukize hivyo hivyo, itanasa humo ndani na kuitoa ni kazi. Na adapta tumia iliyokuja na ruta yenyewe, kuna za volti 12, za 9 na za 5, pini inaweza kuingia vizuri kabisa ila umeme ukawa sio wake.

Washa, ipe dakika mbili tatu. Tafuta jina la waifai kwenye simu, weka ile paswedi ya kwenye stika, ukiunga zima data ya simu. Hapa ndo wengi wanapokwama, maana simu ikiona hiyo waifai bado haina intaneti inarudi kimya kimya kwenye data yake, basi unaandika ile anwani mara kumi ukurasa haufunguki, unadhani ruta ni mbovu. Zima data, fungua brauza, andika http://192.168.1.1 (au ile ya kwenye stika yako) juu kabisa kwenye sehemu ya anwani, utaingia.

Ukishaingia kuna paswedi mbili, na watu wanazichanganya sana. Moja ni ya kuunga waifai, nyingine ni ya kufungua huo ukurasa wa setingi. BADILI ZOTE. Ruta nyingi za zamani ukurasa huo unakuja na jina admin na paswedi admin, kwa hiyo yeyote uliyempa waifai, hata mtoto wa jirani, anaweza kuingia akabadili anachotaka mpaka wewe mwenye nyumba ukafungiwa nje. Ya waifai isipungue herufi 8, mimi nashauri ufike 12 au zaidi, maneno matatu ya Kiswahili yasiyohusiana ukayaunga na namba inatosha, ni rahisi kumtajia mgeni na ngumu kubahatisha. Usiweke namba yako ya simu, mtaa mzima wanayo. Kwenye aina ya ulinzi chagua WPA2 au WPA3, na WPS (ile ya kuunga kwa kitufe au PIN bila kuandika paswedi) izime. Ukibonyeza kuhifadhi utatupwa nje ya waifai, usishtuke, unga upya kwa paswedi mpya.

Utaona pia mawimbi mawili kama ruta yako inayo, 2.4GHz na 5GHz. Ile ya 5 ina kasi ila ukuta wa tofali unaikata, ya 2.4 inafika mbali zaidi. Baadhi ya TV na vifaa vingine vya bei ya chini vinaiona 2.4 peke yake, kwa hiyo usiizime.

Sasa mahali pa kuiweka, na hili naomba ulichukulie kwa uzito. Nyumbani kwa mama, Tanga, ruta ilikuwa ndani ya kabati la vioo, nyuma ya TV, juu yake kimewekwa kitambaa cha kufuma kizuri kabisa, na yeye akawa anatoka mpaka barazani ndo aongee na wajukuu kwa video. Niliigusa ikawa ya moto. Nikafungua setingi nikaangalia nguvu ya mawimbi, kuna sehemu imeandikwa RSRP, namba yake ina alama ya kutoa mbele na kadiri inavyokaribia sifuri ndo nzuri. Ilikuwa -112. Nikaanza kutembea na ruta mkononi na waya wa kuongezea umeme, dirisha hadi dirisha, kila sehemu nasubiri kidogo namba itulie. Dirisha la sebuleni upande wa barabarani ikasoma -94, nikaiacha pale, juu, bila kitambaa. Sasa hivi anaongea nao akiwa jikoni.

Fanya hivyo hivyo kwako, usikadirie kwa macho. Dirisha linalosoma vizuri ila lisiwe pembe ya mwisho ya nyumba, mbali na friji, kioo kikubwa cha kujitazamia na mikrowevu, na usiipandishe darini chini ya bati, bati linazuia sana.

Kompyuta ya Windows ikiunga iambie hiyo waifai ni ya kulipia kwa kipimo (metered connection), kwenye setingi za mtandao ipo, la sivyo itashusha masasisho usiku na asubuhi bando hamna.

Ukisahau paswedi ya setingi kuna kitundu cha reset, kibonyeze na pini kama sekunde 10 taa zikiwa zimewaka, itarudi kama ilivyotoka dukani na utaanza tena na ile picha ya stika uliyopiga.