Stairini kwenda fenilasetilini: namna ya kuijibu bila kuacha maksi mezani

Wadogo zangu wa PCB na PCM (fizikia, kemia na baiolojia au hisabati) hapa Tabora, kila diskasheni chini ya miembe hii konvesheni, yaani kubadili stairini iwe fenilasetilini, inawagombanisha, na shida iko sehemu moja tu.

Kwanza ijueni fenilasetilini yenyewe. Ni C8H6, pete ya benzeni imeshikana na kaboni mbili zenye bondi tatu, mwisho kabisa kuna H moja. Kimiminika hakina rangi, inachemka karibu nyuzi 142, haichanganyiki na maji na ni nyepesi kidogo kuliko maji kwahiyo inaelea. Ile H ya mwisho ina uasidi kidogo, na ndo yenye mambo yote.

Haya njia. Dondoshea bromini kwenye stairini (pete ileile, ila kaboni zake mbili zina bondi mbili) taratibu huku unapooza, rangi inapotea unapata daibromaidi, yaani stairini iliyobeba Br mbili, yabisi nyeupe. Hapo hamna kazi. Kazi ni kung'oa HBr mbili: ya kwanza inatoka kirahisi hata kwa KOH kwenye ethanoli ya moto, ila ya pili ni mbishi maana Br sasa imekaa kwenye kaboni ya bondi mbili, ndo unaita besi kali, sodiamu amaidi kwenye amonia ya kimiminika. Sasa wengi wanaandika moli mbili za amaidi. Andikeni tatu jamani! Mbili zinang'oa HBr, ya tatu inaliwa na ile H ya mwisho mara tu alkaini (yenye bondi tatu) inapotokea, kwahiyo ulichonacho kwenye chupa ni chumvi ya sodiamu, sio fenilasetilini, mpaka uweke maji au amoniamu kloraidi irudishiwe H yake. Mwalimu anausaka huo mstari.

Hesabu iko wazi: stairini gramu 10.4 ni moli 0.1, inakula bromini gramu 16, inatoa daibromaidi 26.4, na mwisho hupati zaidi ya 10.2.

Wakiuliza utaitofautishaje na stairini usitaje bromini, zote zinaipausha, wala kukeneka, maana stairini inachemka 145 hapo hapo jirani. Taja silva naitreti yenye amonia, fenilasetilini inatoa mashapo meupe stairini inakaa kimya. Kopa(I) kloraidi yenye amonia nayo inatoa mashapo ya njano, na Carl Glaser mwaka 1869 aliyaacha hayo yapigwe na hewa akapata molekuli mbili zimeungana. Ya silva mkiyafanya maabara msiyaache yakauke, yanalipuka, yamwagieni asidi ya naitriki iliyozimuliwa yakiwa bado mabichi.